Shokapu Inayovuja Lurambi

Ukitaka kujua kama pikipiki imeanza kuvuja mbele, iangalie asubuhi kabla haijapigwa kiki. Kwenye bomba linalong'aa la shokapu utaona pete nyeusi ya mafuta na vumbi, na chini yake mguu umelowa mpaka karibu na ekseli. Mdogo wangu aliiona pete hiyo Jumapili moja ya mwezi wa pili, akaifuta kwa kitambaa, akaenda kazini. Jumatatu ikarudi. Akafuta tena. Watu wa boda wana ujuzi mkubwa wa kufuta. Wiki ya tatu, akiteremka na mama mmoja na mtoto wake wa nasari, alishika breki ya mbele na breki ikateleza kama sabuni. Mafuta yalikuwa yameshaingia kwenye ngoma ya breki. Alisimama kwa breki ya nyuma na kwa miguu yake miwili iliyokwaruza murram. Yule mama akashuka, akalipa nauli yake bila neno, akamaliza safari kwa miguu akimvuta mtoto mkono.

Jioni hiyo tukaamua kuifungua. Tungeifungulia nyumbani, nyuma ya jikoni, kwa sababu pikipiki ina mkopo unaolipwa kila siku, na siku moja ikilala gereji ni siku mbili za kukimbizana na deni. Mjomba, au khotsa kama tunavyosema kwetu, alisema atakuja na vyombo vyake. Khotsa hajawahi kuwa fundi wa pikipiki. Alikuwa fundi wa baiskeli hapo Lurambi, na nitarudi kwake, maana bila yeye hii ingekuwa hadithi ya spana tu.

Ukitoka mjini Kakamega kwa barabara ya Webuye, unapita Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, ambacho watu wengi bado wanakiita Weco, jina la kile chuo kilichokuwepo kabla hapajawa chuo kikuu. Hapo kuna steji, wanafunzi, vibanda vya chapati, na pikipiki nyingi kuliko abiria. Mbele kidogo ndiyo Lurambi. Lami inapita katikati kama uti wa mgongo. Ukikunja kushoto au kulia kwenda Butsotso, lami inakwisha na kazi ya boda inaanza. Kiangazi njia hizo ni vumbi jekundu linaloingia mpaka kwenye chai. Mvua ikianza mwezi wa tatu ni utelezi, na matrekta ya miwa yanayoelekea viwandani yanachimba mitaro ambayo jua la mwezi wa kumi na mbili linaikausha kuwa kama zege. Pikipiki inayofanya kazi hapa inapanda na kushuka mitaro hiyo mara mia kwa siku, na kila inaposhuka, bomba moja linaingia ndani ya jingine, na pete moja ya mpira isiyozidi upana wa kifuniko cha chupa kubwa inatakiwa kuzuia mafuta yasitoke na vumbi lisiingie.

Kabla ya pikipiki kulikuwa na baiskeli, na baiskeli za abiria hazikuanzia mbali na kwetu. Zilianzia mpakani Busia, miaka ya 1960, ambako msafiri akishuka upande mmoja alikuwa na mwendo wa kutosha kumchosha, na mizigo yake kichwani, kabla ya kufika upande wa pili. Vijana wakaweka mto kwenye keria na kuanza kuita: boda, boda, kutoka mpaka hadi mpaka. Jina likashikamana na kazi, kazi ikaenea, na kufikia miaka ya 1990 mtu wa Kakamega alipanda boda bila kukumbuka kwamba neno hilo lilihusu mpaka wowote. Mjini, sokoni, hospitalini, baiskeli zilipanga foleni zikiwa na mito ya rangi na madigadi ya mpira yaliyoandikwa majina ya wachezaji na mistari ya Biblia.

Baiskeli hizo ndizo zilizomlea khotsa. Alikaa chini ya mti na beseni la maji, spana mbili, koleo, kopo la solushen, tailiva za chuma na pampu. Uma wa mbele wa blek mamba haukuwa na siri. Ni chuma tupu, kimepinda kidogo kwa mbele, na shimo la barabarani lilipita humo moja kwa moja mpaka kwenye viwiko vya mwendeshaji. Kitu pekee chenye siri katika biashara yake kilikuwa ndani ya pampu. Humo mna kikombe kidogo cha ngozi, mdomo wake ukiangalia chini, na hicho ndicho kinachosukuma upepo. Ngozi ikikauka, unapampu mpaka jasho likutoke na tairi haliinuki. Khotsa alikitoa, akakilaza usiku kucha kwenye mafuta ya kupikia, na asubuhi kilikuwa laini tena. Mdomo ulifunguka ukagusa ukuta wa pampu pande zote, upepo ukakosa pa kutorokea. Sisi watoto tulidhani ni uchawi mdogo. Yeye alisema ngozi ikishalewa haiachi kitu kipite.

Siku hizo pikipiki zilikuwa za watu wachache: padri, afisa wa kilimo, mtu wa mradi fulani wa maji. Ukisikia mlio ulijua nani anakuja. Yamaha AG, ambayo herufi zake zinatokana na neno la kilimo, ilitengenezwa kwa ajili ya mashamba, na mabomba yake ya mbele yalivalishwa mpira uliokunjwa kama kodiani ili vumbi lisiyafikie. Aliyeichora alijua inakwenda wapi.

Mambo yaligeuka haraka. Kufikia 2008 serikali ilikuwa imeondoa VAT kwa pikipiki za injini chini ya cc 250, na sababu iliyotolewa ilikuwa ajira kwa vijana. Kumbuka ulikuwa mwaka gani: nchi ilikuwa ndiyo kwanza inatoka kwenye moto wa uchaguzi, na vijana wasio na kazi walikuwa wameonekana barabarani kwa namna ambayo hakuna mwanasiasa aliyetaka kuiona tena. Zikaja pikipiki za Uchina kwa makontena, majina hata hatukuweza kuyatamka, kisha Boxer na TVS kutoka India zikatawala. Baiskeli zikaondoka steji moja baada ya nyingine. Mwaka 2015 serikali iliyokuwa imefungua mlango ikaweka mtu wa kukusanya kiingilio: ushuru wa shilingi 10,000 kwa kila pikipiki.

Nisieleweke vibaya. Pikipiki imewafikisha kina mama hospitalini usiku wa mvua ambapo hakuna gari lingekubali kukunja kutoka lami. Imesomesha watoto. Lakini katika yote yaliyotolewa wakati huo, kitu kimoja hakikutolewa: mtu wa kuonyesha mashine hii inafunguliwaje. Baiskeli ilikuwa na vizazi viwili vya mafundi chini ya miti. Pikipiki ilikuja na kitabu kidogo ambacho wengi walikitumia kufungia sukari, na ujuzi ukalazimika kujengwa upya, uani, kwa kuharibu kwanza.

Sisi pia tulianza kwa njia ya mkato. Jirani alituambia mara nyingi sili haijafa, imeshika mchanga tu chini ya mdomo, na ukipitisha kitu chembamba kinacholainika utautoa. Enzi za studio za picha watu walitumia negativu. Tulizo nazo nyumbani ni za harusi ya wazazi wetu, kwa hiyo tukakata kichwa cha filamu, pale pasipo na picha, tukakipitisha kati ya bomba na mpira tukizunguka taratibu. Kilitoka na mstari wa uchafu mwekundu uliosagika kama ugoro. Ilikauka siku mbili. Siku ya tatu pete ikarudi, nene zaidi.

Basi Jumamosi mchana khotsa akafika na mfuko wake wa spana, na tailiva zile zile za baiskeli zikigongana ndani.

Kitu cha kwanza alichokataa ni haraka. Mdogo wangu alitaka kung'oa gurudumu mara moja. Bahati nzuri nilikuwa nimesoma, na hapa niseme faida ya kusoma kwanza: chini kabisa ya kila mguu wa shokapu, ndani ya tundu, kuna bolti moja ya pembe sita inayofunguliwa kwa alenki. Bolti hiyo inashika fimbo iliyo ndani. Ukisubiri mpaka umetoa springi, fimbo itazunguka pamoja na bolti na utazunguka nayo mpaka kesho. Lazima uilegeze gurudumu likiwa bado chini na mtu akiegemea hendeli kwa uzito wake wote, ili springi iibane fimbo isizunguke. Mdogo wangu akaegemea. Khotsa akalala chali kwenye gunia, akaitafuta bolti kwa kupapasa, akaivuta robo mzunguko. Ililia kama mbwa aliyekanyagwa. Ya pili ikalia pia. Tukalegeza vifuniko vya juu kidogo tu, tukaweka gogo chini ya injini, gurudumu la mbele likabaki linaning'inia.

Yaliyofuata ni kazi ya kawaida: ekseli, gurudumu, madigadi, kisha nati zinazobana mabomba, halafu unauvuta mguu kwenda chini huku ukiuzungusha kama unayeng'oa muhogo. Kifuniko cha juu ndicho cha kuogopa, kwa sababu springi iliyo chini yake inakisukuma. Khotsa alikifunika kwa kitambaa na kiganja, akageuza uso pembeni.

Mafuta tuliyoyamwaga yalinuka samaki waliolala. Mguu wa kushoto ulitoa karibu kopo zima la maziwa, rangi ya kahawa iliyorudiwa kuchemshwa. Wa kulia ulitoa kiasi kidogo sana, chini ya nusu ya mwenzake, na ndani yake mlikuwa na unga wa kijivu uliometameta, chuma kilichojisaga chenyewe. Mdogo wangu aliangalia yale makopo mawili kwa muda. Miezi yote hiyo alikuwa akilaumu hendeli, akilaumu tairi, kumbe upande mmoja wa pikipiki ulikuwa unatua na mwingine unaanguka.

Kwa maana springi peke yake haitoshi. Springi inabeba uzito, lakini ukiibonyeza inarudi na nguvu ile ile, na pikipiki inaruka kama mbuzi aliyefunguliwa asubuhi. Mafuta ndiyo yanayoituliza. Gurudumu likipanda, mafuta yanalazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo vya ile fimbo ya ndani, na kwa kuwa hayapendi kupita haraka, safari ya bomba inakuwa ya polepole kwenda na kurudi. Pikipiki za mwanzo hazikuwa na kitu hicho. Zilikuwa na uma wa vyuma na springi kubwa mbele ya usukani, na za baadaye zikaongezewa diski za msuguano ulizozikaza kwa mkono. Hazikuvuja kwa sababu hakukuwa na cha kuvuja. Mwingereza Alfred Scott alijaribu mabomba yanayoingiana tangu 1908, na Nimbus ya Denmark ikayatumia mwaka 1934, lakini walioweka mafuta ya kutuliza ndani na kuuza pikipiki hiyo dukani ni BMW wa Ujerumani, mwaka 1935, kwenye R12 na R17. Tangu hapo, kila bomba la namna hiyo duniani limehitaji mlinzi mlangoni.

Tukafika kwa mlinzi. Unatoa kifuniko cha vumbi, unatoa waya wa klipu, unamaliza ile bolti ya chini, bomba linatoka, na sili inabaki imekaa kwenye kikombe chake, imekaza. Khotsa alifunga tailiva kwa kitambaa ili isikwaruze ukingo, akainyanyua kidogo kidogo, upande huu, upande ule, mpaka ikaruka. Akaisafisha kwa dole gumba. Nje ni pete ya chuma iliyovikwa mpira. Ndani ni mdomo mwembamba unaoangalia upande wa mafuta, na nyuma ya mdomo, springi nyembamba kama uzi iliyozungushwa ikajishika mkia, inayoubana mdomo kwenye bomba. Aliigeuza mara mbili.

"Hii si ndiyo ile ngozi ya pampu?" akauliza.

Mdogo wangu akacheka. "Khotsa, hii ni mpira. Ni oili sili."

"Nimeona ni mpira. Nakuuliza kazi yake."

Alikuwa amesema kweli kuliko alivyojua. Sili ya namna hii ilizaliwa kwa watengeneza ngozi. Katika mji wa Weinheim, Ujerumani, kulikuwa na kampuni ya Freudenberg iliyokuwa ikitengeneza ngozi tangu 1849. Uchumi wa dunia ulipoanguka mwaka 1929, soko la ngozi likaanguka nalo, na kampuni ikaanza kutafuta nani mwingine duniani anahitaji ngozi zaidi ya washona viatu. Waliohitaji walikuwa watu wa magari. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, mhandisi wao Walther Simmer akatoa pete ya chuma yenye mdomo wa ngozi ndani yake uliobanwa kwa springi, na mpaka leo kwenye nchi nyingi pete hizo zinaitwa kwa jina lake, Simmerring. Kikombe cha ngozi kilicholeweshwa mafuta, kikigusa ukuta pande zote: mzee yeyote aliyetengeneza baiskeli chini ya mti Lurambi angekielewa bila kitabu.

Ngozi ilikuwa na kasoro yake. Inachoka kwa joto, na shafti zilizidi kwenda kasi. Mpira wa mti nao ulikuwa mbaya zaidi, kwa sababu mafuta ya petroli yanauvimbisha. (Wapo vijana hapa steji waliojaribu kukata sili kutoka tyubu kuukuu. Inakaa vizuri siku ya kwanza. Siku ya nne imelainika kama ulimi wa ng'ombe.) Jawabu lilitoka Ujerumani hiyo hiyo, miaka hiyo hiyo: mpira wa kutengenezwa maabara, wa naitrili, ambao hauogopi mafuta. Kabla muongo huo haujaisha ngozi ilikuwa imeanza kuuachia nafasi, na ndio huo uliokuwa kwenye kiganja cha khotsa, umepasuka sehemu mbili, rangi yake imekuwa nyekundu ya murram.

Miaka hiyo Kakamega haikuwa imelala. Mwaka 1931 Mmarekani aitwaye L. A. Johnson alipata dhahabu katika eneo hili, na Wazungu wakamiminika. Mwaka mmoja tu kabla yake, sheria ya 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya hifadhi ya wenyeji ni yao milele, na ikichukuliwa watapewa nyingine badala yake. Dhahabu ilipoonekana, sheria ikarekebishwa mwishoni mwa 1932 ili ardhi iweze kuchukuliwa bila kutoa nyingine. Milele ilidumu miaka miwili. Nimeliweka hilo hapa kwa sababu nilipokuwa nikifuta ule udongo kwenye sili nilikuwa nawaza mambo ya ahadi na gharama, na nani hubaki na gharama ahadi ikishahama.

Chukua hesabu ya barabara. Tangu sheria ya 1993, kila lita ya petroli inayouzwa Kenya ina tozo ya kutunza barabara. Ilifika shilingi 18 mwaka 2016, na Julai 2024 ikawa 25. Mdogo wangu anaweka lita tatu, wakati mwingine nne, kwa siku. Haikwepeki kama kodi nyingine. Hakuna risiti ya kuficha, iko ndani ya petroli. Pesa hiyo ilipofika Nairobi, wabunge na magavana walipelekana mahakamani kuhusu shilingi bilioni 10.5 za nani azitumie. Huku Butsotso mtaro uliochimbwa na trekta la miwa mwaka juzi bado upo, na kila akiupita anaulipia mara ya pili, kwa mpira na mafuta ya shokapu. Sheria inasema abiria mmoja, na ni kweli yeye hubeba wawili, watatu siku za soko. Uzito huo nao unalala juu ya mdomo ule ule. Ukimuuliza atakwambia abiria mmoja ni wa mkopo, wa pili ni wa petroli, na wa tatu ndiye unga.

Kwa hiyo watu wakisema vijana wa boda hawatunzi pikipiki, huwa nashindwa kukubali wala kukataa. Angeweza kuiona pete ile Jumapili ya kwanza na kusimama. Sili mbili zinauzwa chini ya bei ya kuku. Lakini siku ya kusimama ndiyo ghali.

Turudi uani. Sili zilikuwa zimeshanunuliwa mjini, pamoja na mafuta na viatu vipya vya breki, kwa maana kiatu cha breki kilichokunywa mafuta hakioshwi kikapona; utakifuta kwa petroli na msasa, kitashika asubuhi na kuteleza mchana. Kwenye mafuta palitokea ubishi. Khotsa alitaka tumimine ya injini yaliyobaki kwenye galoni, kama wafanyavyo wengi. Kitabu kilisema 10W, mepesi zaidi. Mazito yanakataa kupita kwenye vitundu, shokapu inakuwa ngumu, na kishindo ambacho kingetulizwa ndani kinaishia kwenye mikono na kwenye sili yenyewe. Nilishinda ubishi ule, nadhani kwa sababu chupa ilikuwa imeshafunguliwa.

Tatizo letu halikuwa mafuta. Lilikuwa kwenye bomba la kulia. Nilipolipitisha kwenye mwanga, karibu na pale mdomo wa sili unapopita, palikuwa na vidoa vitatu vya kutu vilivyokula kromu, kimoja kikubwa kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Ukipitisha ukucha unakwama. Hapo ndipo sili ya zamani ilipochanwa, na hapo ndipo mpya itakapochanwa. Bomba jipya, au hata la mtumba lililonyooka, ni pesa ya wiki nzima ya mkopo. Mdogo wangu hakusema kitu. Alichukua msasa laini, akaulowesha, akaanza kusugua kwa kuzunguka, si juu-chini, kwa sababu mkwaruzo wa juu-chini ni mfereji wa mafuta. Tukajaza vidoa kwa supaglu, tone kwa tone, tukasubiri, tukasugua tena mpaka ukucha ukapita bila kukwama. Ni ukarabati wa watu maskini, na mafundi wa kweli wanaujua, wanaufanya, na hawauahidi chochote.

Kuingiza sili mpya ni kazi ya adabu. Unaipaka mafuta. Unavika ncha ya bomba mfuko wa nailoni, ili ukingo wake mkali usichane mdomo kabla haujafanya kazi hata siku moja. Upande wenye springi unaangalia chini, kwenye mafuta. Kisha unahitaji kitu cha mviringo cha kuigongea iingie sawasawa, na khotsa akapata kipande cha paipu ya maji kilichotoshea kana kwamba kilikatwa kwa ajili hiyo, akaiweka sili ya zamani juu ya mpya kama mto, akagonga. Tok, tok, tok. Ukisikiliza unajua imefika, kwa sababu mlio unabadilika, kutoka wa kitu kinachosogea hadi wa kitu kilichokaa. Klipu ikaingia mahali pake. Washa ya shaba kwenye bolti ya chini tulinunua mpya; ya zamani ikirudishwa itavujia huko chini, na utalaumu sili bure.

Mafuta tuliyapima kwa chupa ya kunyonyeshea ya mtoto wa dada yetu, yenye alama za mililita ubavuni, kiasi kilichoandikwa kitabuni, sawasawa kila mguu. Khotsa aliinama kuangalia ile alama kama anayepima dawa. Alipampu mguu wa kwanza mara kadhaa kabla ya kufunga, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikaona uso wake umelegea.

"Hii inashika," akasema. "Ngozi imelewa."

Tulimaliza giza limeingia, simu mbili zikitumulikia. Mdogo wangu akashika breki ya mbele, akaibonyeza pikipiki mara kumi, mara ishirini. Ilishuka na kupanda polepole, pande zote mbili pamoja, bila kile kishindo cha chuma tulichokuwa tumekizoea. Tukafuta mabomba mpaka yakameta. Khotsa akaosha mikono kwa Omo na majivu, akala ugali na mboga ya mrenda, akakataa pesa, akakubali nauli, halafu akaikataa nauli pia kwa sababu aliyekuwa anampeleka nyumbani ni mpwa wake na shokapu ilihitaji kujaribiwa.

Jumatatu saa kumi na moja alfajiri nilisikia anaisukuma kutoka nje. Nikatoka na tochi. Mguu wa kushoto ulikuwa mkavu, umepata vumbi jepesi tu. Wa kulia ulikuwa mkavu pia, isipokuwa pale kwenye kidoa kikubwa, ambapo palikuwa na alama nyembamba ya unyevu, urefu wa punje ya mchele. Alipitisha kidole, akakinusa.

"Ni grisi ya Jumamosi," akasema.

Akapiga kiki. Steji ya Weco hujaa mapema siku ya Jumatatu.